Merħba na Marahaba: Kuutafuta Urithi wa Kimalta kwa Njia ya Maneno

Katika visiwa vya Malta, yapata kilomita 93 kusini mwa Sisilia, siku ya Ijumaa huitwa il-Ġimgħa, na hutamkwa karibu sawa na "jimaa". Alhamisi ni il-Ħamis. Pasaka ni l-Għid, yaani Idi. Mola huitwa il-Mulej, na mfungo wa siku arobaini kabla ya Pasaka huitwa Randan, neno lile lile ambalo kwetu ni Ramadhani. Wanaoyatamka maneno haya ni Wakatoliki, tena Wakatoliki wanaojivunia kwamba Mtume Paulo alivunjikiwa na jahazi katika ufuo wao, kama isimuliwavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Tazama basi kinyume chake: Mkristo wa pwani yetu, aliyekulia kando ya misikiti, mfungo huo huuita Kwaresima, neno lenye asili ya Kilatini, ilhali Mmalta aliye jirani na Roma husema Randan.

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka Malta. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mmalta wa kisiwa cha Gozo, ambacho wenyewe hukiita Għawdex na kukitamka "Audesh". Alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza ufundi wa mitambo ya meli, akapitia mfereji wa Suez hadi Kilindini, akaoa Mombasa na hakurudi kwao tena. Mama husimulia kwamba alipohesabu misumari alisema "sitta, sebgħa, tmienja, disgħa", na watoto wakadhani ni Kiswahili chake kilichopinda, kwa kuwa sita, saba na tisa zilikuwamo, ila nane ndiyo iliyomshinda. Majirani walimwona Mzungu asemaye Kiarabu kibovu. Naye hakuwafundisha wanawe lugha yake. Alipoulizwa sababu, alijibu: "Lugha yangu haina vitabu."

Kauli hiyo ilirithishwa katika ukoo wetu kama vile wengine wanavyorithishwa shamba. Nilikwenda Malta kuona nyumba ya wahenga, na pia kuipima kauli ya babu.

Nilianzia Gozo. Ndani ya ngome ya Ċittadella mna makumbusho ya mambo ya kale, na ndani yake limo jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Maimuna binti Hassan. Limechongwa kwa Kiarabu cha hati ya Kikufi kwenye bamba la marumaru lililokwisha kutumiwa na Warumi, na tarehe yake ni mwezi wa Shaabani mwaka 569 wa Hijria, sawa na mwaka 1174. Maandishi hayo humtaka mpita njia aangalie kwa jicho lake kama duniani kuna kinachodumu, au kinachoweza kuyazuia mauti. Nilisimama pale nikawaza kwamba jina hilo ningeliweza kuliita dirishani Mji wa Kale na wanawake watatu wakaitika.

Tarehe ya jiwe inastahili kutafakariwa. Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870. Wanormani wa Sisilia walishuka mwaka 1091. Maimuna, kwa hiyo, alizikwa kwa dua za Kiislamu miaka 83 baada ya utawala wa Kikristo kuwasili. Katika karne ya 13 Waislamu waliobaki waliondolewa au wakabatizwa. Dini ikabadilika, na misikiti ikatoweka hata jiwe juu ya jiwe halikusalia. Lugha haikuondoka. Ilibatizwa pamoja na wasemaji wake, ikaendelea kumwita Mungu Alla, na hata leo makaburini, chini ya misalaba, utasoma majina ya ukoo kama Said na Abdilla.

Mwenye kutafuta nasaba Gozo hukutana na ukuta mwingine. Mwezi Julai mwaka 1551 kikosi cha Waosmani, kikiwa na nahodha Turgut Reis, kiliiteka ngome ile na kuwachukua utumwani takriban watu 5,000, karibu wakazi wote wa kisiwa. Wachache walikombolewa wakarejea. Wengine waliokuja kuijaza ardhi hiyo walitoka kisiwa kikuu na Sisilia. Hivyo mtu asemaye "damu yangu ni ya Gozo" anasema jambo lenye ufa katikati. Katika parokia ya kijiji cha Xagħra nilionyeshwa kitabu cha ubatizo chenye jina la babu na la baba yake, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Nilifurahi. Lakini majina yale yalikuwa yameandikwa kwa Kilatini. Lugha waliyoitumia watu hao mezani haikuwamo hata kwa neno moja. Kwa wakati ule nilidhani kitabu kile kinamtetea babu.

Hapo ndipo historia ya lugha inapohitajika. Mwaka 1530 visiwa vilikabidhiwa kwa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, nao walitawala hadi Napoleon alipofika mwaka 1798. Miaka miwili baadaye wakaingia Waingereza. Katika muda huo wote sheria, elimu na uungwana vilivaa Kiitaliano na Kilatini, na Kimalta kikahesabiwa lugha ya jikoni na ya shambani. Msomi aliyekizungumza na mamaye asubuhi alikiacha mlangoni alipokwenda mahakamani.

Na bado kiliandikwa. Mwaka 1966 watafiti wawili, Godfrey Wettinger na Mikiel Fsadni, walikuwa wakifunua kitabu cha kumbukumbu za mwandishi wa mikataba wa karne ya 16, wakakuta humo shairi la mistari 20. Mtunzi wake ni Pietru Caxaro, mwanasheria wa Mdina aliyefariki mwaka 1485. Shairi hilo, liitwalo Il-Kantilena, ndilo andiko la kale zaidi la Kimalta lijulikanalo hadi sasa, na linaomboleza nyumba iliyoporomoka kwa sababu msingi wake haukushika. Mpenzi yeyote wa tungo zetu atamkumbuka hapo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi, akiyatazama majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Watunzi hao hawakujuana wala hawakuwa na mapokeo mamoja ya utunzi. Ila wote wawili waliishi visiwani, wakaona ukuta ukianguka, wakauchukua uwe mizani ya maisha ya mwanadamu. Nao shairi la Caxaro lenyewe lilikuwa limelala kifusini, ndani ya daftari la mikataba, takriban miaka 500 tangu kutungwa.

Babu hangeweza kulijua. Alipokuwa akisoma shule ya kijiji, Wamalta walikuwa hawajakubaliana hata herufi. Mikiel Anton Vassalli, mzaliwa wa Ħaż-Żebbuġ, alikwisha kuchapisha kamusi ya Kimalta mjini Roma mwaka 1796, na mwaka 1825 alikabidhiwa kiti cha kwanza cha Kimalta katika Chuo Kikuu cha Malta. Kati ya miaka hiyo miwili aliyajua magereza na uhamisho. Baada yake wakaja watu wenye tahajia zao, kila mmoja na yake. Chama cha waandishi wa Kimalta kiliundwa mwaka 1920, na kanuni za tahajia walizozisanifu zikatoka mwaka 1924. Mshairi Dun Karm Psaila, naye wa Ħaż-Żebbuġ, alikuwa akitunga kwa Kiitaliano hadi kufikia umri wa yapata miaka 40. Mwaka 1912 ndipo alipotunga shairi lake la kwanza kwa lugha ya mamaye, na miaka 10 baadaye akaandika maneno ambayo leo ndiyo wimbo wa taifa. Mwaka 1934 Kimalta kikatambuliwa kuwa lugha rasmi na Kiitaliano kikavuliwa cheo hicho.

Msomaji wa Kiswahili ataona ulinganifu. Kamati ya Lugha ya nchi zetu iliundwa mwaka 1930, miaka minne tu kabla ya tukio hilo, chini ya dola ile ile. Kule nako mkoloni hakukitetea Kimalta kwa mapenzi matupu. Alitaka kuidhoofisha Italia iliyo ng'ambo ya mlango wa bahari. Huku, washairi wa Lamu na Mvita walibaki wakiuliza kwa nini Kiunguja ndicho kilichopewa kiti. Lugha zote mbili zilipata usanifu kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haja zake. Lakini si yeye aliyezihifadhi hadi siku hiyo.

Nani basi aliyezihifadhi? Jibu nililipata katika sarufi. Katika Kimalta chumba ni kamra, neno lililotoka Sisilia. Wingi wake ungetarajiwa kufuata Kiitaliano, lakini Mmalta husema kmamar: amelivunja neno la mgeni katikati na kulipanga upya kwa namna ya Kiarabu. Nyoka ni serp, jina la Kirumi. Nyoka wengi ni sriep. Sasa tutazame kwetu. Mwarabu alituletea kitab, na wingi wake kwake ni kutub. Mswahili hakuuchukua wingi huo. Aliisikia "ki" ya mwanzo, akaiweka katika ngeli yake, akasema vitabu.

Kmamar na vitabu ni tendo moja lililofanywa katika bahari mbili kwa mwelekeo uliogeuzwa. Kule mifupa ni ya Kiarabu na nyama kwa sehemu kubwa ni ya Kiitaliano, kiasi kwamba zaidi ya nusu ya msamiati wa kamusi umetoka upande wa Sisilia na Italia. Huku mifupa ni ya Kibantu na Kiarabu ndicho kilichoingia kama mgeni. Wenye dharau huhesabu maneno ya kukopa na kutangaza kwamba Kiswahili ni Kiarabu cha ovyo na Kimalta ni mchanganyiko usio na mwenyewe. Wanahesabu mizigo sebuleni wala hawaulizi nani anayempangia mgeni mahali pa kulala. Urithi wa lugha uko katika desturi ya kumpokea mgeni hadi avae kama wenyeji. Desturi hiyo haikutungwa na kamati yoyote. Waliishika akina mama jikoni na wavuvi mashuani, karne baada ya karne, wakiwa wameambiwa kwamba wanachosema si kitu.

Kwa washairi nina habari moja zaidi. Wamalta wana sanaa iitwayo għana, na kwa kuwa "għ" kwao haisikiki, hutamkwa kama "aana". Ni uimbaji wa kienyeji unaosindikizwa na magitaa, na mwaka 2021 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu. Aina yake iitwayo spirtu pront ni malumbano: waimbaji hujibizana papo hapo, bila karatasi, kwa beti za mistari minne ambazo kina chake huangukia mstari wa pili na wa nne. Nilisikiliza jioni moja katika baa ya kijiji. Sikufuata zaidi ya neno moja katika matano, lakini nilitambua wakati ambapo mmoja alibanwa, kwa jinsi wazee walivyonyamaza kumsubiri, na jinsi walivyoguna kwa raha kina kilipotua. Kimya hicho nakijua. Ndicho kilichowasubiri wapinzani wa Muyaka bin Haji. Na neno lenyewe, għana, ni ndugu wa kitenzi tunachokitumia sisi kila shairi linapopanda jukwaani: kughani.

Katika duka la vitabu mjini Valletta nilisimama mbele ya rafu za mashairi, riwaya na kamusi za Kimalta, lugha ambayo tangu mwaka 2004 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Kauli ya babu ilijibiwa hapo bila mimi kufungua kinywa. Alisema kweli ya shule aliyosomeshwa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba shairi la Caxaro lilikuwako, kwamba Vassalli alikwisha kuipigania lugha hiyo, na kwamba hata yeye, akihesabu misumari Kilindini, alikuwa akikisoma kitabu kilichoandikwa midomoni.

Mmalta humkaribisha mgeni kwa kusema merħba, nasi humjibu mdogo aliyetuamkia kwa marahaba. Humuaga kwa kusema saħħa, yaani siha, afya iwe nawe. Na urithi wenyewe humwita wirt. Kitenzi chake ni wiret. Chetu ni rithi. Binti yangu, mwenye miaka tisa, sasa huhesabu kwa lugha zote mbili, na akifika tmienja hucheka, kwa kuwa amejua kwamba babu mkuu hakukosea.