Sala ilikuwa saa kabla ya saa

Hebu jaribu kuitaja siku yako kwa Kiswahili bila kugusa sala. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi: hayo yote ni majina ya swala za Waislamu. Mlokole wa Tabata akikuambia "tuonane alasiri" anafuata ratiba ya msikiti, ajue asijue! Hata wiki yetu iko hivyo. Jumamosi ni juma mosi, siku ya kwanza baada ya mkusanyiko wa Ijumaa. Ndiyo maana tuna siku mbili za tano: Jumatano kwa hesabu yetu, na Alhamisi, yaani ya tano, kwa hesabu ya Kiarabu.

Mambo haya ni ya kale. Kule Shanga, visiwa vya Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Kwa karne nyingi mtu wa pwani hakuhitaji saa ya mkononi, kwani mji wenyewe ulimwambia. Wamisionari Wakatoliki walipofika Bagamoyo mwaka 1868 nao walikuja na utaratibu wao: sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, mchana na jioni, kwa kengele.

Kisha ikaja saa nyingine. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo. Zikaja ofisi, na mwaka 1905 ukaanza ujenzi wa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Treni haimngoji mtu amalize rakaa. Tangu hapo mchana wetu una wenyewe: mwajiri na mshahara wake.

Sasa njoo huku kwetu Kinyerezi. Watu wanaondoka giza halijatoka, wanarudi giza limeshaingia. Kwenye daladala ya kwenda Kariakoo nawaona: huyu anahesabu dhikri kwa vidole, yule midomo inacheza bila sauti, mwingine rozari iko ndani ya mkoba. Mimi mwenyewe nilikulia kwenye nyumba iliyosali pamoja sebuleni kila usiku. Siku hizi sala yangu ni ya kimoyomoyo, kati ya Segerea na Tabata, konda akigonga bati.

Wapo wanaosema watu wa mjini hawasali tena. Mimi sikubaliani nao. Sala haijafa, imehama tu. Imetoka kwenye saa ya mji na kuingia kwenye mianya ya foleni. Na ina uzito wake, maana anayesali amebanwa kwenye siti ya nyuma hasukumwi na macho ya jirani.

Linalonisumbua ni jingine. Sala ya zamani ilionekana. Mtoto hakufundishwa kwa maneno matupu: alimwona baba akitawadha, alimsikia mama akianza "Baba yetu", akaiga. Sala ya daladala haina wa kuiiga. Mzazi anaondoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Tunayoyabeba kimoyomoyo, watoto wetu watayaokota wapi?

Majina wataendelea kuyataja, alfajiri na alasiri. Swali ni kama watajua yalikuwa yanaita watu kufanya nini. Wewe nyumbani kwako mnafanyaje?