Bilauri za kokteli za katikati ya karne ya 20

Bilauri za kokteli za katikati ya karne ya 20 ni vyombo vya kioo vya kunywea vileo vya kuchanganya, vilivyotengenezwa hasa kati ya 1945 na 1970 huko Marekani, Ubelgiji, Ufaransa, Italia na nchi za Skandinavia. Kuzikusanya kulipata nguvu baada ya 1984, mwaka ambao mwandishi wa Marekani Cara Greenberg alichapisha kitabu kuhusu fanicha za miaka ya 1950 na kulieneza jina la mtindo mzima wa zama hizo. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo zilifika ndani ya masanduku ya watumishi wa serikali za kikoloni, katika mabehewa ya chakula, ndege na hoteli. Historia yake huku haitenganishwi na sheria zilizoamua nani anywe nini, na wapi.

Maumbo na watengenezaji

Marufuku ya vileo nchini Marekani (1920–1933) ilipoondolewa, viwanda vya kioo vilirudi sokoni na seti za nyumbani. Filamu ya The Thin Man ya 1934 iliwaachia wahudumu wa baa jina la wahusika wake Nick na Nora, ambalo hadi leo hupewa kibilauri chenye shina na tumbo la mviringo. Baada ya vita kuu ya pili, nyumba mpya za vitongoji zilijengwa zikiwa na kona ya baa sebuleni, na viwanda vikaanza kuchapa rangi na dhahabu juu ya kioo kwa mashine. Seti ya kawaida ilikuwa na bilauri sita au nane, jagi la kuchanganyia, ndoo ya barafu na mara nyingi kibebeo cha waya.

Maumbo makuu ni manne: ya martini, yenye mdomo wa umbo la pia juu ya shina, ya kupu, pana na isiyo na kina, fupi yenye kitako kizito kwa wiski na barafu, na ndefu iliyonyooka kwa vinywaji vyenye soda. Zinazotafutwa sana ni zile za Culver, kampuni ya Brooklyn iliyokuwa ikinunua bilauri tupu kutoka viwanda vingine na kuzipamba kwa dhahabu ya karati 22. Bilauri ya Culver hutambulika kwa kidole kabla ya jicho. Dhahabu yake imeinuka juu ya kioo kwa vipele vidogo, na katika nakshi iitwayo Valencia vipele hivyo hufuma almasi za kijani kibichi kuzunguka bilauri nzima, kutoka karibu na mdomo hadi kitakoni. Georges Briard, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jascha Brojdo, aliweka sahihi yake kwenye mapambo yenyewe. Bilauri za mviringo zenye ukanda mpana wa fedha mdomoni huhusishwa na Dorothy Thorpe, ingawa nyingi zinazouzwa kwa jina lake hazina alama yoyote ya kuthibitisha hilo.

Ulaya ilikwenda njia nyingine. Wafini waliondoa pambo na kubakiza umbo: bilauri zenye mistari ya mbonyeo za Aino Aalto zilibuniwa 1932, na Kartio ya Kaj Franck ikafuata mwaka 1958. Mwitalia Joe Colombo alibuni mwaka 1964 seti iitwayo Smoke, ambayo shina lake limesogezwa pembeni ili mnywaji ashike bilauri kwa kidole gumba na kubaki na vidole vya kushikia sigara. Ubelgiji ilikuwa na Val-Saint-Lambert, kiwanda cha kristali kilichoanzishwa Seraing mwaka 1826.

Bilauri ya zama hizi ambayo msomaji wa Kongo huenda ameinywea bila kujua umri wake ni Duralex ya Ufaransa. Gigogne ilitoka 1946 na Picardie 1954. Kioo chake hupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla kwa hewa, hivyo huhimili mapigo, na siku kikivunjika humwagika vipande vidogo visivyo na ncha kali. Chini ya kitako, ndani, kuna namba ndogo. Hiyo ni namba ya kalibu iliyoifinyanga; watoto wa vizazi vingi wameisoma kuwa umri wao. Wakusanyaji wa nchi tajiri huidharau Duralex kwa sababu ni nyingi, na hapo wanakosea. Ndiyo bilauri ya katikati ya karne iliyofanya kazi kweli katika nyumba za Afrika.

Madini ya Katanga ndani ya kioo

Mchango mkubwa zaidi wa Kongo katika historia ya kioo cha rangi haukuwa wa watumiaji bali wa ardhi yenyewe. Urani ilianza kutiwa katika kioo kule Bohemia miaka ya 1830, hasa na familia ya Riedel, ikatoa manjano na kijani chenye kung'aa. Madini yake yalitoka Jáchymov, huko huko Bohemia. Mwaka 1915 urani iligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika eneo la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1922 kiwanda cha kusafishia kikafunguliwa Olen, Ubelgiji. Kilichokuwa kikitafutwa wakati huo ni radi (radium) kwa ajili ya hospitali. Urani ilikuwa masalio tu, nayo iliuzwa kwa wafinyanzi na wenye viwanda vya kioo kama rangi.

Basi kati ya vita kuu mbili, wakati meza za Ulaya na Marekani zilipojaa vikombe vya kijani na manjano, Shinkolobwe ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya urani duniani. Wachimbaji walikuwa Wakongo, nao hawatajwi kwenye kitako cha bilauri yoyote. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za madini hayo hadi New York, na kutoka hapo yakaingia katika mradi wa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Serikali ya Marekani ilizuia matumizi ya urani viwandani kuanzia 1943 hadi 1958. Kwa sababu hiyo kioo cha urani cha Marekani mara nyingi ni cha kabla ya 1943, au cha baada ya 1958 kilichotiwa urani iliyofifishwa. Mkusanyaji anayejua tarehe hizo mbili ana kipimo kizuri cha umri.

Kobalti nayo ilitoka huko huko Kongo. Tangu miaka ya 1920 Katanga ilikuwa ikiongoza duniani kwa uzalishaji wake, na oksidi ya kobalti, kiasi kidogo sana katika tanuri, ndiyo inayotoa buluu nzito ya bilauri nyingi za zama hizo.

Katika Kongo ya Kibelgiji

Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ilizuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika. Bia iliruhusiwa. Kiwanda cha bia cha Léopoldville kilianzishwa 1923, na bilauri zenye nembo za bia ndizo zilizoenea mijini. Patrice Lumumba mwenyewe alifanya kazi ya kuuza bia ya Polar kwa kampuni ya Bracongo mwishoni mwa miaka ya 1950, jijini Léopoldville. Bilauri ya kokteli ilibaki upande wa pili: kwenye klabu za Wazungu, hoteli za wasafiri na barazani mwa wakubwa wa kampuni, mikononi mwa boi aliyeibeba juu ya sinia lakini ambaye sheria ilimkataza kilichomo.

Kioo kilikuwa pia mtihani. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa za kiraia kwa Wakongo waliosoma, walioitwa évolué, na mwaka 1952 ikaongeza usajili uliowapa baadhi ya haki za Wazungu. Mwombaji alitembelewa nyumbani na wakaguzi walioangalia vyumba vyote, pamoja na jiko: je, wanakula mezani, kwa uma na kisu, kwa vyombo vinavyostahili? Hadi 1958 waliopata kadi hizo mbili kwa jumla hawakufika elfu mbili katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13. Seti ya bilauri iliyopangwa kabatini katika nyumba ya karani wa miaka hiyo ilikuwa basi zaidi ya pambo; ilikuwa sehemu ya hoja ya mwenye nyumba mbele ya serikali iliyomdhalilisha. Makumbusho yanayoonyesha vyombo vya enzi hizo bila kueleza ukaguzi huo huonyesha nusu ya kitu.

Maonyesho ya Dunia ya Brussels ya 1958 yalitoa wingi wa bilauri za ukumbusho zenye picha ya Atomium, ambazo leo ni rahisi kupatikana. Maonyesho hayo hayo yaliweka Wakongo katika kijiji cha kutazamwa, hadi baadhi yao walipokataa dharau za watazamaji na kuondoka.

Kalemie na Bendera

Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, na mji ukawa njia ya kwenda Kigoma na Dar es Salaam kwa meli na garimoshi. Bendera, kaskazini mwa mji huo, inajulikana kwa kituo cha umeme wa maji cha mto Kiymbi kilichojengwa miaka ya 1950. Albertville ilitekwa na waasi wa Simba mwaka 1964. Tarehe 29 Juni 1965 wapiganaji waliokuwa pamoja na Che Guevara walishambulia ngome ya Bendera wakashindwa. Yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa vyombo vya kioo kama kwa watu: wenye nyumba kukimbia, utaifishaji wa mali za wageni uliotangazwa tarehe 30 Novemba 1973, vita vya 1996 na 1998, na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika, lenye ukubwa wa 6.8, lililobomoa nyumba kadhaa Kalemie.

Pwani

Waswahili wa pwani walikuwa na utamaduni wa kukusanya vyombo vya mbali karne nyingi kabla ya kokteli. Katika nyumba za mawe za Lamu, zidaka za ukutani zilipangwa sahani za Kichina, na baadaye kioo cha Ulaya na mirashi. Vilionyesha heshima ya ukoo na mikono yake iliyofika ng'ambo. Katika Jumba la Makumbusho la Kasri, Unguja, wasafiri wameona fanicha za formaika za zama za Sultani Khalifa bin Harub (alitawala 1911–1960), ushahidi kwamba mtindo wa miaka ya 1950 uliingia hadi vyumbani mwa masultani. Bilauri zenyewe, katika nyumba za Kiislamu, zilikuwa za sharubati na maji ya baridi.

Utambuzi na utunzaji

Kioo cha urani hung'aa kijani kikali chini ya mwanga wa zambarau usioonekana. Taa ndogo ambayo wabadilisha fedha hutumia kukagulia noti bandia inatosha kwa kazi hiyo. Tahadhari moja: manganizi nayo huweza kutoa kijani hafifu, na wauzaji wasio waangalifu huiita urani. Kristali yenye risasi hulia kama kengele ikigongwa taratibu kwa ukucha na huwa nzito kuliko inavyoonekana. Haifai kuhifadhia divai au pombe kwa muda mrefu, kwa kuwa risasi huyeyukia ndani ya kinywaji. Rangi za nje za bilauri za zamani nazo mara nyingi zina risasi na kadimi, hivyo zile zilizopambwa hadi mdomoni ni za kabatini, si za midomo.

Dhahabu hufutika kwa mashine ya kuoshea vyombo, kwa mchanga wa kusugulia, na hata kwa ndimu. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba ndiyo dawa. Ukungu mweupe ndani ya bilauri ukikataa kutoka kwa siki, kioo kimeliwa na hakirudi. Bilauri za shina zisilazwe wala kupachikwa moja ndani ya nyingine. Vyombo vya wageni katika familia nyingi za Kongo na Tanzania vimedumu miaka sitini kwa sababu moja tu: mama mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa kabati, na hakumpa mtu.

La lazima kuliko yote ni kuandika asili: nani aliimiliki, katika nyumba gani, ilitoka mkono upi kwenda upi. Bilauri ya Culver isiyo na kumbukumbu hiyo ni sawa na nyingine yoyote ya Culver. Duralex iliyokuwa ya mfanyakazi wa reli wa Kalemie, ikiwa na maelezo yake, haina mfano.

Soko

Tamthilia ya televisheni ya Mad Men (2007–2015) ilipandisha bei Marekani. Vyombo vya Wabelgiji waliorudi kutoka Kongo huonekana mara kwa mara katika soko la kila siku la Jeu de Balle, Brussels. Jijini Nairobi na Dar es Salaam bilauri kuukuu huuzwa pamoja na mitumba, kwa bei ya chombo cha kawaida. Wapuliza kioo wa Kitengela, kusini mwa Nairobi, hutengeneza bilauri mpya kutokana na vioo chakavu. Duralex ilinusurika kufungwa mwaka 2024, mahakama ya Orléans ilipowakabidhi wafanyakazi wake kiwanda kama ushirika.