Chogo na Bapa: Nafasi ya Kioo cha Televisheni katika Historia ya Anime ya Kijapani, 1963–2011

Historia ya anime imezoeleka kuandikwa kama historia ya wachoraji, studio na hadithi zao. Kifaa kilichofikisha kazi hizo machoni pa mtazamaji hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba kioo ni dirisha tupu lisiloongeza wala kupunguza kitu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba anime ya televisheni iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1963 hadi miaka ya mwanzo ya 2000 ilichorwa, ikapakwa rangi na kupigwa picha kwa ajili ya kifaa mahususi: televisheni ya mrija wa elektroni, ambayo Watanzania waliipa jina la televisheni ya chogo kutokana na kisogo chake kilichochomoza. Kifaa hicho kilipoondoka majumbani na nafasi yake kutwaliwa na televisheni bapa, kazi zenyewe zilibadilika sura hata pale ambapo hakuna mkono uliozigusa.

Ni vema kwanza kueleza jinsi mrija huo ulivyofanya kazi. Nchini Japani asili yake hurejeshwa kwa Kenjiro Takayanagi, ambaye mwaka 1926 mjini Hamamatsu alifaulu kuonesha herufi moja ya Kijapani kwenye mrija wa aina hiyo. Shirika la utangazaji la NHK lilianza matangazo ya televisheni Februari 1953. Katika mfumo uliotumika, picha iligawanywa katika mistari 525, na kati ya hiyo takribani 480 ndiyo iliyobeba picha inayoonekana. Miale ya elektroni ilipita juu ya kioo ikichora kwanza mistari yenye namba witiri, kisha ile yenye namba shufwa, takribani mara 60 kwa sekunde. Fosfori iliyopakwa nyuma ya kioo iliwaka pale ilipoguswa na kufifia mara moja. Kwa hiyo hakuna wakati wowote ambapo picha nzima ilikuwapo kiooni. Jicho ndilo lililoikamilisha. Wala nukta ya nuru haikuwa na kingo kali. Ilikolea katikati, ikafifia pembeni, na kadiri ilivyong'aa zaidi ndivyo ilivyotanuka na kugusa jirani zake. Sifa hii ya mwisho, ambayo fundi angeiona kuwa kasoro, ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mada hii.

Tarehe 1 Januari 1963 kituo cha Fuji TV kilianza kurusha Tetsuwan Atomu, kazi ya Osamu Tezuka na studio yake ya Mushi Production. Ilikuwa katuni ya rangi nyeusi na nyeupe, ya nusu saa kila wiki, na ilitengenezwa kwa fedha kidogo na muda mfupi. Filamu ilikwenda kwa picha 24 kwa sekunde, lakini mchoro mmoja ulishikiliwa kwa picha tatu mfululizo, hivyo michoro minane ilitosha kwa sekunde moja. Mara nyingi hata hiyo haikufikiwa, na mdomo pekee ndio uliosogea juu ya uso uliotulia. Wapo wanaoona kwamba udogo wa kioo ndio uliozaa mtindo huo. Dai hilo ni zito mno kwa ushahidi uliopo, kwani bajeti na ratiba zinatosha kuueleza. Linaloweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kwamba kioo kiliusitiri. Mstari mnene, jicho kubwa na sura iliyosogezwa karibu vilisomeka bila taabu kwenye televisheni ndogo iliyowekwa pembeni ya chumba, ilhali uchache wa michoro ungedhihirika wazi kwenye ukumbi wa sinema.

Rangi ilileta mambo mapya. Matangazo ya rangi yalianza Japani mwaka 1960, na mwaka 1965 Mushi Production ilitoa Jungle Taitei kwa rangi. Mwaka 1968 Sony ilitoa Trinitron, mrija ambao badala ya bamba lenye matundu ulitumia nyaya nyembamba zilizosimama wima, na hivyo ukapitisha mwanga mwingi zaidi. Michoro ilipakwa rangi kwenye nailoni angavu, ikawekwa juu ya mandhari iliyochorwa kwenye karatasi, kisha ikapigwa picha kwa filamu, kwa kawaida ya milimita 16 kwa kazi za televisheni. Baada ya hapo picha iligeuzwa kuwa mawimbi ambamo taarifa za mwangaza na za rangi zilisafiri pamoja, huku rangi ikitengewa nafasi finyu. Matokeo yake, mwangaza ulifika ukiwa na mipaka iliyo wazi kiasi, lakini rangi ilivuja, na nyekundu ilivuja kuliko zote. Mstari mweusi wa wino uliozunguka kila umbo ulifanya kazi ya ukuta: uliuficha mvujo huo. Mapokeo ya mstari huo ni ya zamani kuliko televisheni, lakini mbele ya kioo cha chogo yalipata manufaa ambayo waanzilishi wake hawakuyakusudia.

Jambo jingine lisilotajwa mara nyingi ni weupe wenyewe. Televisheni za Japani zilirekebishwa ili weupe wao uelekee kwenye ubuluu, karibu kelvini 9300, wakati kipimo kilichokubalika Ulaya na Marekani kilikuwa takribani 6500. Ngozi ya mhusika iliyopakwa rangi ya pichi yenye joto ilipoa kidogo ilipofika sebuleni mwa Mjapani. Kazi hiyo hiyo ikioneshwa leo kwenye kioo bapa kilichopangwa kwa kipimo cha 6500, huonekana na umanjano ambao mtazamaji wa kwanza hakuuona. Swali la rangi ipi ni ya asili, ile ya kopo la mpaka rangi au ile ya kiooni, halina jibu rahisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa nuru ipitayo. Ili kuonesha mwale wa silaha, moto wa roketi au macho ya roboti, mpiga picha alifunika kila kitu kwa karatasi nyeusi, akaacha tundu lenye umbo alilotaka, akawasha taa chini yake na kupiga picha ya pili juu ya filamu ile ile. Nuru ilitanda kidogo kwenye filamu. Ilipofika kwenye mrija ilitanda tena, kwa sababu nukta zenye mwanga mkali ndizo zilizotanuka zaidi. Kwenye kioo bapa hatua hiyo ya pili haipo: kila pikseli hukaa ndani ya mipaka yake, na mwale huonekana kama doa jeupe lenye ukungu mwembamba kuuzunguka. Ni nusu ya athari iliyokusudiwa.

Nguvu ya nuru hiyo haikuwa suala la uzuri peke yake. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, TV Tokyo ilirusha kipindi cha Pocket Monsters ambamo mlipuko ulioneshwa kwa kupishanisha nyekundu na buluu takribani mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walikimbizwa hospitalini, baadhi wakiwa na degedege. Mfululizo huo ulisimamishwa kwa miezi minne, na mwaka 1998 NHK pamoja na chama cha watangazaji binafsi walitoa mwongozo wa kudhibiti mimweko. Kisababishi kilikuwa mpishano wa rangi wala si mrija, na kioo bapa kingeweza kuleta madhara hayo hayo. Hata hivyo, tukio hilo linafichua mazingira ya utazamaji wa wakati ule: mtoto akikaa karibu mno na kioo, pengine taa ya chumba ikiwa imezimwa. Tangu hapo anime nyingi hufunguliwa kwa onyo la kumtaka mtazamaji awashe taa na akae mbali na televisheni. Onyo hilo limevuka hadi enzi ya vioo bapa, na matukio yenye mimweko hufifishwa yanaporushwa hewani.

Matangazo ya kidijitali ya ardhini yalianza Japani Desemba 2003. Tarehe 24 Julai 2011, saa sita mchana, vipindi vya analojia vilikatizwa, na ilipofika saa sita usiku mawimbi yenyewe yakazimwa. Ni mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima tu, iliyokuwa imeharibiwa na tetemeko na tsunami ya Machi mwaka huo, iliyoongezewa muda hadi mwisho wa Machi 2012. Umbo la picha nalo lilibadilika kutoka uwiano wa 4:3 hadi 16:9. Hapo ndipo kazi za zamani zilipopata jeraha linaloonekana kwa macho ya kila mtu. Toleo la Dragon Ball Z lililotolewa Marekani kwa DVD kuanzia 2007 lilikatwa juu na chini ili lijaze kioo kipana, na chembechembe za filamu zikasafishwa hadi baadhi ya mistari ya wachoraji ikafutika. Kichwa kilichokatwa utosi hakihitaji nadharia ili kueleza kilichopotea.

Pamoja na hayo, si haki kukihukumu kioo bapa kwa makosa ya wahariri. Filamu iliyohifadhiwa vizuri ina taarifa nyingi kuliko mistari 480, na inapopigwa skani upya huonesha mikwaruzo ya brashi katika mandhari, kivuli chembamba cha nailoni moja juu ya nyingine, hata vumbi lililotua mezani mwa mpiga picha. Kwa mtafiti hayo ni ushahidi wa kazi ya mikono ambao mrija uliuficha kwa miongo minne. Aidha, filamu kama Akira ya mwaka 1988 ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Anayedai kwamba lazima itazamwe kwenye chogo anatetea kumbukumbu za utoto wake, wala si historia ya filamu hiyo.

Kundi lililokwama ni la katikati. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 studio ziliacha nailoni na kupaka rangi kwa kompyuta. Sazae-san, iliyodumu na njia ya zamani kuliko wote, iliiacha mwaka 2013. Kazi nyingi za miaka ya kwanza ya mabadiliko hayo zilikamilishwa kwa kipimo cha televisheni ya wakati ule. Hazina filamu ya kurudiwa. Kioo bapa kinapozipokea hulazimika kubuni pikseli ambazo hazikuwahi kuwapo, na mistari iliyopishana isipounganishwa kwa uangalifu hutoa meno ya kitana pembeni mwa kila kitu kinachokimbia. Ajabu ni kwamba katuni ya mwaka 1985 inaweza kuoneshwa leo kwa ubora kuliko ya mwaka 2002. Kwa kazi hizo za katikati, kioo cha chogo ndicho mahali pekee zinapoonekana zikiwa timilifu.

Na vioo hivyo vinaisha. Sheria ya Japani ya kurejeleza vyombo vya nyumbani, iliyoanza kutumika Aprili 2001, ilimtaka mwenye televisheni alipie gharama ya kuitupa, na kati ya 2009 na 2011 serikali ilitoa motisha kwa walionunua mpya zenye matumizi madogo ya umeme. Mamilioni ya machogo yalipelekwa viwandani, yakapasuliwa, na vioo vyake vyenye risasi vikatengwa. Hapo awali vioo hivyo viliyeyushwa ili kutengenezea mirija mipya. Viwanda vya mirija vilipofungwa, malighafi hiyo ilikosa pa kwenda.