Jasho la Bure: Historia ya Posho ya Mhudumu wa Afya Tezo

Septemba 1978, mataifa 134 yalikutana Alma-Ata na kuazimia kwamba afya ianzie kijijini. Azimio tamu, ila nani atamlipa mtu wa kijijini, hilo liliachwa hewani. Uchina iliwahesabia madaktari wake wa vijijini pointi za kazi katika mashamba ya ujima. Sisi Wakenya tulikuwa na harambee.

Kisha fedha zikakauka. Kenya, iliyofuta ada ya wagonjwa wasiolazwa mwaka 1965, iliirudisha Desemba 1989.

Mkakati wa Afya ya Jamii ulipozinduliwa 2006, kazi ya miguu wakabebeshwa watu wa kujitolea, wengi wao wanawake. Tezo, wadi ya Kilifi Kaskazini kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kazi hiyo ni kupita boma hadi boma, kati ya minazi na mikorosho: mjamzito yupi hajaanza kliniki, mtoto yupi amekosa chanjo, nani ameacha dawa za kifua kikuu, chandarua kimetundikwa au kimefunikia miche? Chandarua si jambo dogo huku. Majaribio yaliyofanywa Kilifi miaka ya 1990 yalionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa takriban thuluthi. Lakini chandarua hakijitundiki.

Ethiopia ilianza 2003 kuwaajiri wahudumu wake kwa mshahara. Shirika la Afya Duniani likapendekeza malipo mwaka 2018. Kenya ilifika 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua wahudumu zaidi ya 100,000 katika bustani ya Uhuru: begi la vifaa, simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti.

Nusu kwa nusu hiyo ndiyo kasoro. Kaunti nayo hungoja mgao wa Nairobi, ambao huchelewa kila mara. Mlipaji mmoja akikwama, mwenzake ana pa kunyooshea kidole. Na shilingi 5,000, hata zikifika kwa wakati, hazifikii kima cha chini cha kibarua wa shamba. Zinaitwa posho, basi sheria ya mishahara haizigusi.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Julai, baada ya vikao vya maoni ya umma. Watu wa Tezo, nendeni mkadai fungu la wahudumu liandikwe kama mshahara.