Tishali la Unga na Swali la Sababu

Mnamo tarehe 4 Januari 1944, katika bandari ya New York iliyosongamana vyombo kwa ajili ya vita, matishali kadhaa yalikatika gatini baada ya watu wa tagi iitwayo Carroll kuzishughulikia kamba zake, yakachukuliwa na upepo na maji, hata moja lao, Anna C, lililopakia unga mali ya Serikali ya Marekani, likaibamiza meli ya mafuta ambayo rafadha yake ililitoboa upande wa chini. Tagi zilizokuja kuyakusanya matishali zilikuwa na pampu za kutosha kuliokoa. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua kwamba linavuja, kwa kuwa mlinzi wake alikuwa ameshuka pwani tangu saa 11 jioni ya jana yake, wala hakurudi kwa muda wa saa 21. Likajaa maji, likalala ubavu, likaumwaga unga, likazama.

Shauri lilipofika mahakama ya rufani mwaka 1947, Jaji Learned Hand aliandika ile kanuni ambayo wanafunzi wa sheria wanaihifadhi hata leo, ya kuwa mtu ana dhima ikiwa gharama ya hadhari aliyoiacha ni ndogo kuliko hasara ikizidishwa kwa uwezekano wa kutokea kwake. Mimi naona iliyo bora katika hukumu ile ni kule kupambanua hasara ya mgongano na hasara ya kuzama. Kwani haikuthibitika kuwa mlinzi angaliuzuia mgongano, ilhali kuzama angalikuzuia kwa kupaza sauti tu, na kwa hiyo mwenye tishali alibebeshwa sehemu ya hasara ya kuzama peke yake.

Wataalamu waliofuata, Guido Calabresi mwaka 1975, Steven Shavell mwaka 1980, na William Landes pamoja na Richard Posner mwaka 1983, waliitazama sababu kwa jicho la uchumi: fidia ni kama bei anayotozwa mzembe, nayo ikimtoza hata madhara ambayo hadhari yoyote isingaliyazuia, humsukuma agharimie ulinzi usio na faida, au aiache biashara yenyewe.

Lakini mwaka 1920 mahakama iyo hiyo ilikuwa imeamua shauri la tishali jingine, la sukari, huko Brooklyn. Tagi ililigonga, mke wa nahodha akatoka chumbani, akatazama upande mmoja asione kitu, akatazama wa pili akamwona mumewe majini, kiasi cha futi 10, ameinua mikono. Hapakuwa na boya. Akakimbilia ndani kutafuta kamba, na aliporudi mume hayupo. Juri lilimpa mjane fidia kutoka kwa mwenye tishali. Majaji wakaitangua, wakisema kwamba hakuna ajuaye kama boya lingalimfikia, au kama angaliweza kulishika. Hoja hiyo hainiridhishi hata kidogo, kwa sababu afaye maji huzama na ushahidi wake, na ikiwa mjane hushindwa kila mara kwa kukosa yakini, basi mwenye tishali hana bei ya kumhimiza anunue boya hata moja, ingawa kati ya wengi waangukao majini umbali wa futi 10, kwa hakika wamo ambao boya lingaliwaokoa.