Ndege Zilizofundishwa Kuona

Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1935, katika konde moja karibu na Daventry, Uingereza, gari lililosheheni mitambo lilisimama, na ndani yake watu wachache waliinamia kioo kidogo, huku juu yao ndege ya kivita aina ya Heyford ikienda na kurudi katika mawimbi ya kituo cha redio kilichojengwa ili sauti ya Waingereza iyafikie makoloni ya mbali, haya yetu yakiwamo. Arnold Wilkins, msaidizi wa mwanasayansi Robert Watson-Watt, alikuwa amekwisha kupiga hesabu akaona kwamba mbawa za ndege ile, mita 23 hivi toka ncha hata ncha, zakaribia nusu ya wimbi lenyewe, basi hazina budi kulirudisha. Na kweli kistari cha nuru kiooni kikarefuka na kufupika, hata ndege ilipokuwa maili 8 mbali.

Siku ile ndege ilikuwa kitu cha kutazamwa tu. Kazi kubwa zaidi, kwa rai yangu, ilikuwa kuifanya itazame yenyewe. Rada ya nchi kavu, iliyotokana na jaribio lile, ilitegemea minara mirefu, na ndege haichukui mnara. Kwa hiyo Edward Bowen na wenziwe wa kituo cha utafiti cha Bawdsey walilifupisha wimbi mpaka mita 1.25, antena ikawa fimbo fupi kuliko bakora ya mzee. Mwezi wa Septemba 1937 wakapanda ndege ya Anson kwenda kuzitafuta manowari katika Bahari ya Kaskazini, siku ya mawingu mazito ambayo ndege nyingine ziliamriwa kurudi, nao wakaikuta Courageous, manowari ya kubebea ndege, kwa mwangwi wake, wakaziona hata ndege zilizopaa kutoka sitahani mwake.

Maarifa hayo hayakupatikana bila ya gharama. Tarehe 7 Juni 1942, ndege ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada ya sentimita 10 ya kuisoma ardhi gizani ilishika moto ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, wakafa wote 11, miongoni mwao Alan Blumlein, fundi wa miaka 38 aliyeacha hataza 128. Mitambo ya siri haikuwa na taksiri. Uchunguzi ulikuta nati moja ya injini haikukazwa sawasawa.