Twiga wa Senti Arobaini

Stempu iliyo mbele yangu imepungua meno upande wa kushoto. Bei yake ni senti 40 na picha yake ni twiga waliosimama nyikani. Mhuri wa posta umepita juu ya shingo ya mmoja wao na kuacha herufi nne tu zinazosomeka: GORO. Naamini ni Morogoro, maana nimeipata Morogoro, kwa mzee mmoja anayepanga vitabu vya mtumba juu ya turubai, mwendo mfupi kutoka Soko Kuu la Chifu Kingalu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uchague."

Nilipoinua furushi la makaratasi lililofungwa kwa kamba ya katani, akatikisa kichwa. "Hayo siuzi. Nimemwekea mama wa karanga."

Tulielewana bei. Ndani ya furushi mlikuwa na bahasha yenye stempu hiyo, kadi mbili za posta, na nusu ya ramani ya milima ya Uluguru. Ningechelewa siku mbili tatu, twiga wale wangekuwa wamefungiwa karanga na kuishia mtaroni.

Mfululizo wa stempu hiyo ulitolewa tarehe 9 Desemba 1965. Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka minne ya uhuru, Muungano haujafika miaka miwili, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja tu nyuma, 1964. Katalogi za stempu zinawataja twiga hao kuwa ni wa Mikumi. Katika mfululizo huohuo walikuwamo pundamilia wa Manyara, na ulikuwamo Mlima Kilimanjaro. Nchi changa ilikuwa inajitambulisha kwa walimwengu kwa vipande vya karatasi vinavyolambwa na kubandikwa, na Morogoro ilikuwa na kipande chake.

Wenzetu wa mbali wameijua siku nyingi thamani ya karatasi za namna hii. Mwaka 1953 mchoraji Herbert Ryman, akiwa na Walt Disney pembeni yake, alichora kwa siku za mwisho wa juma moja ramani ya bustani ya michezo ambayo haikuwa imejengwa bado, ili wenye fedha waone kitu cha kuwekea mitaji yao. Bustani hiyo, Disneyland, ilifunguliwa California mwaka 1955. Juni 2017 ramani ile ikauzwa kwa mnada kwa dola 708,000. Wapo watu wanaokusanya ramani za bustani hiyo mwaka kwa mwaka, vijitabu vyake, tiketi zake, hata vikombe, na kwa kuzilinganisha wanajua kila jengo lilikuwepo lini na liliondolewa lini.

Chini ya Uluguru hatukujenga bustani kama ile. Sisi tuna mlima, pori na reli, na watu wameviandika na kuvichora tangu zamani.

Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kitabu alichokitoa mwaka 1872 kinaueleza mji wa Simbamwene, uliojengwa na mtawala Kisabengo na wakati huo ukitawaliwa na binti yake: ngome ya mawe, minara kwenye pembe zake. Aliporudi kutoka bara mwaka uliofuata alikuta mafuriko yamezoa ukuta wa upande mmoja na nyumba nyingi. Ngome yenyewe leo huioni. Inasomwa tu, na anayetaka kuanza rafu ya vitabu vya Morogoro aanze na hicho, akikumbuka kwamba kimeandikwa na mgeni mwenye haraka ambaye hakuwapenda wenyeji wake.

Wajerumani walikuja na dira. Fritz Stuhlmann alizunguka Uluguru mwaka 1894, na kazi za wasafiri kama yeye zikaingia katika ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kipimo cha 1:300,000, iliyochapwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Paul Sprigade na Max Moisel ndio waliosimamia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukiipata karatasi yake moja, itazame taratibu. Njia aliyopita msafiri imejaa majina ya vijiji, vijito na majumbe. Hatua chache pembeni mwa njia, karatasi ni nyeupe. Weupe huo haukuwa na maana kwamba hakuna watu. Mzungu hakupita huko, basi. Na hata pale alipopita, aliyemwambia "huu ni mto fulani, kile ni kilima fulani" hakuandikwa popote. Mimi humwita huyo mchoraji wa pili wa ramani, na kumkosa kunanisumbua kuliko kukosa karatasi yoyote.

Reli kutoka Dar es Salaam iliingia Morogoro mwaka 1907, ikafika Kigoma mwaka 1914. Pamoja nayo zilikuja kadi za posta, maana abiria anayeshuka stesheni hutaka kitu cha kupeleka kwao. Wapiga picha kama Walther Dobbertin walizunguka koloni na mashine zao za vioo. Picha zake nyingi ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na tangu 2008 sehemu yake inaonekana bure kwenye intaneti. Zifungue siku moja. Utaona stesheni, wapagazi, wanawake sokoni, askari mstarini. Mara nyingi Mjerumani ana jina, Mwafrika ana kazi tu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Stempu za makoloni jirani ya Waingereza zikapigwa herufi G.E.A. (German East Africa) juu yake na kutumika, mpaka mwaka 1922 Tanganyika ilipopata stempu zake yenyewe zenye kichwa cha twiga. Huyo ndiye twiga wetu wa kwanza wa posta. Ni kichwa na shingo tu, hana pori nyuma yake, hana mahali. Nikimweka kando ya twiga wa senti 40 naona umbali ambao nchi ilisafiri katika miaka 43, kwa maana huyu wa pili ana kwao, na kwao panajulikana.

Vitabu vya mwongozo vya serikali ya kikoloni nitavipita haraka. Kile cha Gerald Sayers cha 1930 na kile cha J. P. Moffett cha 1958 ni vinene, vimejaa takwimu za mkonge na mvua, na ni vya kutafutia jambo kuliko vya kusomwa. Ramani ndiyo inayonikalisha.

Nusu ya ramani niliyoiokoa kwa mama wa karanga ni ya kipimo cha 1:50,000, ile aina iliyotengenezwa kutokana na picha za ndege na idara ya upimaji ya Waingereza iliyoshughulikia makoloni, ambayo iliendelea kuzifanyia kazi nchi hizi hata baada ya uhuru. Mikunjo yake imekatika, pembe moja ina duara la kikombe cha chai. Mistari ya mwinuko, ya rangi ya kahawia, imesongamana upande wa Lupanga hadi inakaribia kugusana, kwa sababu kilele hicho kinapanda hadi mita 2,138 na mji uko chini ya miguu yake. Mito ni uzi wa buluu. Nyumba ni vitone vyeusi, kitone kimoja kimoja, vimetawanyika ubavuni mwa mlima kama mtama uliomwagika.

Tafuta Bwawa la Mindu kwenye ramani hiyo. Halipo, maana lilijengwa miaka ya 1980. Mahali pake pana mto Ngerengere unaojiendea. Nenda kusini, tafuta Bunduki, pale ambapo msitu wa Uluguru Kaskazini na ule wa Uluguru Kusini imetenganishwa na mashamba. Anayelinganisha ramani na picha za ndege za miaka mbalimbali anaweza kufuatilia jinsi pengo hilo lilivyopanuka, shamba kwa shamba. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilipotangazwa mwaka 2008, kurudisha msitu mahali hapo lilikuwa jambo lililojulikana kuwa lazima. Karatasi ya shilingi chache inabeba ushahidi huo wote.

Kuna jambo ambalo ramani hii haisemi. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa serikali wa kuwalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko. Vurugu zilitokea na mtu akauawa kwa risasi. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika juu ya mgogoro huo katika kitabu chao cha 1960. Miteremko iliyogombaniwa iko hapa mezani, imepimwa vizuri sana, imenyamaza.

Lakini upande wa Kinole, kando ya kitone kimoja cheusi, mtu asiyejulikana ameandika kwa kalamu ya wino maneno mawili: "kwa bibi".

Nimeitazama ramani hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu linaishia hapo. Mtu mmoja, labda mwanafunzi, labda karani, aliitafuta nyumba ya bibi yake kati ya mamia ya vitone, akaipata. Kwangu mimi hayo ndiyo maandishi yenye thamani kuliko yote yaliyochapwa kwenye karatasi hiyo.

Mikumi nayo ina karatasi zake, na zina siri moja ambayo mkusanyaji anapaswa kuijua. Hifadhi ilipanuliwa mwaka 1975. Kwa hiyo ramani au kijitabu kinachoionyesha ikiwa ndogo, haijashuka kusini kukutana na pori la Selous, ni cha kabla ya hapo, hata kama ukurasa wenye tarehe umechanika. Leo hifadhi ina kilomita za mraba 3,230. Na sehemu ya jirani yake huyo nayo imebadilika jina: ramani inayoandika Selous peke yake, bila Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ni ya kabla ya 2019. Mipaka na majina ndiyo mhuri wa tarehe wa ramani isiyo na tarehe.

Katika miaka ya 1980 Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, kwa kushirikiana na wahisani wa uhifadhi wa wanyamapori, lilitoa mfululizo wa vijitabu vya hifadhi zetu, vyembamba, vyenye michoro ya wanyama na ramani katikati. Baadaye zikaja ramani za Giovanni Tombazzi zilizochorwa kwa rangi za mkono, hifadhi moja pande mbili, upande huu kiangazi na upande wa pili masika. Ni kazi nzuri, na ukiikuta nakala safi usiiache. Ila vyote nilivyowahi kuvishika ni vya Kiingereza. Mwanafunzi wa Doma au Mkata anayeishi mlangoni mwa Mikumi hakuandikiwa.

Kumbukumbu nyingine ya Morogoro ilisafiri hadi Japani. Mwaka 1970 Osaka iliandaa maonesho makubwa ya dunia, Expo 70, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni 64 katika miezi sita. Tiketi, ramani na vijitabu vya maonesho hayo vinatafutwa na wakusanyaji hadi leo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikwenda huko kupiga muziki kwa niaba ya Tanzania, na bendi ikatoa wimbo wenye jina hilohilo la Expo 70. Santuri yake ikiwa na jalada safi ni kumbukumbu ya maonesho kama ilivyo tiketi ya mlangoni, na ipo kwa wingi kwenye makabati ya wazee wa mji huu kuliko inavyodhaniwa.

Adui wa hivi vyote yuko nyumbani. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kijitabu cha Mikumi katika boksi sakafuni, masika yakaja, na nilipolifungua nikakuta mchwa wameacha jalada na udongo. Tangu hapo karatasi zangu ziko juu, ndani ya sanduku la bati, mbali na ukuta unaotoka unyevu. Usizibandike selotepu, baada ya miaka inageuka njano na kula wino. Usizivalishe plastiki ya moto, haitoki tena. Tiketi na risiti za mashine zinazochapwa kwa joto zipige picha mapema, maana hufifia zenyewe. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Mwenye tiketi ya siku ile ana kitu ambacho wajukuu watakitafuta, kama maandishi yatakuwa bado yanaonekana.

Ukichoka kutunza, usichome. Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki ambamo watafiti huketi kila siku.

Na wewe uliye Kilakala, Matombo, Mgeta au Kilosa, mwenye picha za baba stesheni, ramani ya shuleni au kijitabu cha hifadhi kilichosahauliwa juu ya kabati: kabla ya kumpa mama wa karanga, kigeuze. Chukua penseli, iliyo laini, usikandamize. Waulize wazee wangali wapo, kisha andika nyuma yake ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Kama ni ramani, tafuta kile kitone, na uandike ni kwa nani.